Mkwe Uani

Kila jirani akichoma pilipili kufukuza ndovu, moshi wake unanirudisha ndani ya leso ya nyanya.

Alizoea kunisimulia mimi, mjukuu wake wa kike, kwamba zamani msichana wa ukoo wetu aliolewa na ndovu, na ndiyo maana kwetu ndovu hatukanwi: ni mkwe.

Asubuhi moja ndovu aliingia kwenye mahindi yetu, kisha akaja hadi uani. Nyanya alimpa mgongo, maana mama mkwe hamtazami mkwewe usoni, akanibana kifuani chini ya leso iliyonuka moshi uleule. Nilisikia pumzi ya mnyama juu yetu.

“Kula mahindi yote, baba,” nyanya alisema kwa adabu. “Lakini msichana mwingine hatuna.”

Kiganja chake kiliniziba mdomo kwa nguvu.