Makosa Aliyoyaweka Ubaoni

Mke wangu alifundisha kemia miaka mingi, na alipostaafu hakuacha. Kila Jumamosi asubuhi, tukishamaliza kusali sisi wawili, wasichana sita wa kidato cha nne walikuja nyumbani kwetu hapa Eldoret, wawili kati yao kutoka upande wa Moiben, wakaketi kwenye veranda mbele ya ubao alioupaka rangi mwenyewe. Mimi nilikuwa mwalimu wa somo la dini. Nilikaa kando na Biblia yangu, na kwa kusikiliza tu nikajifunza mambo yaliyonishinda nikiwa kijana.

Somo alilolipenda kuliko yote lilikuwa kukokotoa joto linalotoka au kuingia vitu vinapobadilika na kuwa vitu vingine. "Hamhitaji kuwasha moto," aliwaambia. "Mna jedwali." Jedwali huonyesha joto la kila kampaundi inapoundwa kutoka kwa elementi zake. Unajumlisha joto la vitu vilivyotokea, unatoa jumla ya vitu vilivyotumika, na hilo ndilo jibu. Mfano wake ulikuwa gesi ya samadi, ambayo kwa sehemu kubwa ni methani, kwa sababu wale wa Moiben walipikia gesi hiyo kwao. Methani moja na oksijeni mbili huungua zikawa kaboni dioksidi moja na maji mawili. Kaboni dioksidi ni hasi 394. Maji ni hasi 286, mara mbili. Ukiondoa hasi 75 ya methani, unapata hasi 891, kilojuli kwa kila moli. Oksijeni haikusumbui. Ni elementi, joto lake la kuundwa ni sifuri, na jedwali la kitabu chao halikuiandika kabisa.

Alikuwa na desturi moja. Katika kila hesabu aliweka kosa kwa makusudi. Aliyeliona alisimama akasema, "Madam, nakamata," akaenda ubaoni kulisahihisha, na wenzake wakampigia makofi matatu. Wakichelewa kuliona aliwaambia, "Hata ng'ombe wa Moiben angekuwa ameshasimama."

Kwa hiyo makosa yalipoongezeka, hakuna aliyeshtuka. Alisahau kuzidisha maji kwa mbili, wakapiga makofi. Alichukua tarakimu ya mvuke badala ya ile ya maji, wakapiga makofi. Jumamosi moja walipiga makofi mara nne kwa hesabu moja, na msichana mmoja akasema, "Leo Madam ametuamulia." Mke wangu akacheka pamoja nao. Nilimshukuru Mungu kwa furaha ile. Nilikuwa hatua tatu kutoka kwake na sikuona kitu.

Halafu ikaja siku ambayo alishika kitabu, akapitisha kidole kwenye jedwali kutoka juu hadi chini, akarudia, akarudia tena.

"Oksijeni iko wapi?" aliuliza. "Nani ameitoa humu?"

Wasichana walitabasamu, mikono tayari. Mmoja akasimama. "Madam, nakamata."

"Unakamata nini? Nimekuuliza oksijeni iko wapi."

Msichana akaketi polepole. Hakuna aliyepiga makofi.

Nilimpeleka kwa daktari mjini. Daktari aliniita kando akaniambia ni ugonjwa wa kusahau, na kwamba hautarudi nyuma. Nilitembea naye hadi nyumbani bila kumwambia. Jioni hiyo niliwapigia simu akina mama wa wale wasichana, nikawaomba wasiwalete tena, nikasema mimi mwenyewe nitamweleza mwalimu wao.

Sikumweleza. Jumamosi ilipofika alivaa sweta yake ya kufundishia, akafuta ubao, akakaa na chaki mkononi.

"Mzee, wasichana wamechelewa."

"Labda ni mvua huko kwao," nikasema. Jua lilikuwa likiwaka.

Jumamosi ya pili nilimwambia wana mitihani. Mimi ni mzee wa kanisa. Nimewaketisha waume wengi na wake zao nikawahimiza waambiane ukweli, na sasa nilikuwa nikimdanganya mke wangu mara tu baada ya kusema amina. Jumamosi ya tatu, alipochukua chaki, nilikaa kwenye benchi la wanafunzi na kumwambia yote: maneno ya daktari, simu zangu, mvua ambayo haikunyesha.

Aliivunja chaki vipande viwili, akaviweka chini ya ubao.

"Yale makosa," alisema, "mengi sikuyaweka mimi."

"Mama, tangu lini umejua?"

"Tangu mwaka jana. Walipokuwa wakipiga makofi, niliangalia ubao nikaona kosa nisilolijua. Nikacheka, ili lionekane ni langu."

Mwaka mzima alikuwa ameubeba mzigo huo mbele yangu, akicheka, na mimi nikimshukuru Mungu kwa kicheko hicho. Bado namshukuru, lakini siku hizi namwomba pia anisamehe kwa kutotazama.

"Ungeniuliza kabla ya kupiga simu," alisema. "Ningewaaga."

Niliwapigia akina mama tena. Wasichana walikuja wote sita Jumamosi iliyofuata, wakasimama langoni na vitabu vyao, wakiogopa kuingia. Mke wangu alikuwa jikoni. Asubuhi hiyo hali yake haikuwa nzuri. Alikuwa ameniuliza mara mbili kama leo ni Jumapili.

"Mzee, nani hao?" aliita.

"Ni wanafunzi wako."

Akatoka hadi mlangoni, akawatazama mmoja mmoja kwa upole, jinsi mtu anavyowatazama wageni wanaoonekana wema.

"Karibuni," alisema. "Mmetoka mbali? Ingieni mnywe chai."

Waliingia, wakaviweka vitabu sakafuni chini ya viti, wakanywa chai aliyowamiminia, na kila alipouliza wanatoka wapi, walimjibu tena.