Bibi wa Ndani na Bibi wa Nje

Mama yangu aliteleza uani kwake Tiwi, akakaa pale pale chini hadi jirani alipokuja kuazima upawa. Nyonga haikuvunjika, lakini daktari alisema asiishi tena peke yake. Kwa kuwa sina ndugu, akaja kwangu Ukunda na mkoba mmoja. Tatizo ni kwamba nyumba yangu tayari ilikuwa na mama mwingine: mama mkwe, aliyehamia kwetu nilipojifungua na ambaye hakuna aliyewahi kumwuliza ataondoka lini.

Wote wawili ni wajane, wote ni watu wa swala tano, wote hawaamini kwamba mtu mwingine anajua kupika wali wa nazi, na mjukuu wao ni mmoja, binti yangu wa miaka mitano. Mimi nafundisha biolojia. Ningepaswa kuona mapema.

Hawakugombana. Watu wa kwetu wakichukiana huzidisha adabu.

"Pumzika, mkwe wangu, wewe ni mgeni wetu," mama mkwe alisema.

"Mwenyezi Mungu akujaalie kheri, mkwe," mama yangu akajibu, "lakini mikono yangu ikikaa bure huuma."

Waliyasema hayo kila mmoja akiwa ameshika upande wake wa mbuzi ya kukunia nazi. Ikawa anayetangulia jikoni ndiye anayepika. Mama mkwe akaanza kuamka kabla ya adhana ya alfajiri, na mama yangu akaanza kuamka kabla ya mama mkwe. Siku nyingine yalipikwa masufuria mawili ya wali, nasi tulilazimika kula yote mawili sawasawa, kwa sababu kila mpishi alikuwa akitazama sahani. Mume wangu, anayefanya kazi katika hoteli moja huko Diani, akaanza kusema amekula kazini.

Mkoba wa mama ulibaki umefungwa nyuma ya mlango. Kila jioni aliniuliza kama nadhani paa la Tiwi linavuja, na nilijua anachouliza. Niliogopa sana. Niliogopa kwamba atarudi kule, ateleze tena, na safari hii jirani awe na upawa wake.

Wiki hiyo niliwatoa wanafunzi darasani, tukaenda chini ya mti wa mkungu ulio nyuma ya shule kutazama mbega na tumbili. Mbega walikuwa juu wakitafuna majani, maana tumbo lao limeumbwa kwa majani. Tumbili walikuwa chini wakinyang'anyana kungu zilizoiva. Nikaeleza kwamba mti ni mmoja lakini chakula si kimoja, ndiyo maana wanaishi pamoja. Makazi ya kiumbe ni mahali anapokaa. Nafasi yake ni zaidi ya hapo: anakula nini, saa ngapi, anamfaa nani, nani anamla. Spishi mbili zikitaka nafasi ile ile, mahali pale pale na wakati ule ule, mwishowe moja hushinda.

"Na ile inayoshindwa, mwalimu, huenda wapi?" akauliza msichana mmoja.

"Huhama, au hufa."

"Haiwezi kubadilika?"

"Inaweza. Huchukua vizazi vingi."

Nikawaambia waandike. Kisha nikaukumbuka mkoba wa mama nyuma ya mlango, nikaomba kiti.

Nyumbani nikajaribu kugawa mambo mwenyewe: mama mkwe apike mchana, mama yangu apike jioni. Walinisikiliza vizuri, wakanishukuru, wakaniombea dua. Kesho yake kulikuwa na masufuria mawili.

Kilichosaidia ni ile nyonga. Mama yangu hakuweza kukaa juu ya mbuzi kwa muda mrefu, kwa hiyo alihamia uani, kwenye kiti cha plastiki. Akiwa pale akaanza kulinda kuku, akapanda mchicha, akawa anampeleka mtoto madrasa. Mama mkwe, asiyependa jua wala kuku, hakuona kitu cha kugombania. Baada ya hapo waligawana hata vitu vidogo. Mmoja alimwogesha mtoto, mwingine akamsuka. Mmoja alimgombeza, mwingine akambembeleza. Sufuria likawa moja: mama yangu alichagua mchele, mama mkwe akaupika, na kila mmoja aliamini kwamba mwenzake anafanya kazi nyepesi. Siku moja nikaziona leso za mama zote zimeanikwa kwenye kamba na mkoba umekunjwa. Nililia kwa furaha, peke yangu, bafuni.

Kisha shule zikafungwa. Asubuhi ya kwanza niliingia jikoni nikune nazi.

"Wacha, mwalimu, utajikata," mama mkwe akasema, akanitoa kwa upole.

Nikaenda uani. Binti yangu alikuwa amekaa kati ya magoti ya mama, nusu ya kichwa imeshasukwa. Nikanyoosha mkono nipewe chanuo.

"Nenda kapumzike, mwanangu," mama akasema. "Umechoka na watoto wa watu."

Mtoto akanifafanulia taratibu, maana aliona sielewi. "Bibi wa ndani anapika na kuniogesha. Bibi wa nje ananisuka na kunipeleka madrasa."

"Na mama?"

Akafikiri kwa haki kabisa.

"Mama ni wa shule."

Mama yangu akaendelea kusuka. Iliniuma. Nilisimama pale juani, na shule ingebaki imefungwa mwezi mzima.