Maua Mbele ya Rejeta

Wapo wanaosema udereva ni kazi ya walioshindwa shule. Nawakatalia mchana kweupe! Mjomba wangu ameendesha teksi moja miaka ishirini na sita na hajaua injini. Mimi mwenye shahada nimeshaua simu tatu.

Mtaani wanamwita Mzee Mshale, kwa kuwa jicho lake moja huwa barabarani na jingine kwenye mshale wa joto. Kila asubuhi, gari likiwa bado baridi, hukagua maji ya rejeta na kubonyeza mipira yake kama daktari anayepapasa tumbo la mtoto. Chai baadaye.

Alikuwa na kiapo kimoja: bintiye atashukia harusini kutoka kwenye gari lililomsomesha. Wakwe walitaka kuleta gari jipya lenye kiyoyozi. Akakataa katakata.

Siku ya harusi jua liliwaka kama lina kisasi nasi. Nyuma walikaa bibi harusi na mama mkubwa, dada yake mjomba. Mimi nilikuwa mbele, dumu la maji miguuni. Tulipoanza kupanda mlima, mshale nao ukapanda. Mjomba akateremsha vioo, akawasha hita.

"Wewe, una wazimu?" mama mkubwa alifoka. "Unatupeleka harusini au unatuoka?"

"Joto la injini lazima litokee mahali, dada. Bora litutokee sisi."

"Baba, nyusi zangu zinateremka," alilalamika bibi harusi.

Mshale ukagusa nyekundu. Mjomba akaegesha, akazima injini, akainua boneti. Nikanyoosha mkono kwenye kifuniko cha rejeta.

"Toa mkono, msomi! Ukifungua sasa utafika harusini huna uso."

Tukangoja. Wakwe wakapiga simu: walete lile gari jipya? Mjomba akajifanya hasikii. Akazunguka mbele ya gari, akaganda. Shada la maua na vitambaa, kazi ya mama mkubwa ya wiki nzima, lilikuwa limeziba uso wote wa gari. Upepo ungeifikiaje rejeta? Asubuhi aliliona, ila nani angemkosoa dada mkubwa?

"Dada," alianza, "haya maua..."

"Yamefanya nini maua yangu?"

"Yamependeza," alisema mjomba, akarudi nyuma hatua mbili.

Bibi harusi akashuka, akakunja gauni hadi magotini, akang'oa shada zima kwa mikono miwili.

"Nisamehe, shangazi. Gari nalo linapumua."

Akamwekea mapajani. Mama mkubwa akaanza kuyanyoosha maua, moja moja.

Injini ilipopoa, mjomba alifungua kifuniko polepole kwa kitambaa, akajaza maji, tukaondoka.

Tulifika tumechelewa saa nzima. Mama mkubwa alikumbatia maua kama yeye ndiye anayeolewa. Bwana harusi akakimbilia mlango wa gari.

"Ngoja, mwanangu," mjomba alimwambia. "Namshusha mimi."

Akatazama mshale kwanza. Ulikuwa katikati. Ndipo akaenda kumfungulia bintiye.