Degedege Lilitoka Wapi

Mwanangu alikakamaa mchana kweupe, mikono ikipapatika, macho yamegeuka weupe mtupu. Tulikuwa Kirongwe kwa mama mkwe, tunabangua korosho. Mama mkwe akatupa jiwe la kubangulia, akavuta kaniki, akamfunika mtoto gubigubi.

“Mama, hii degedege! Twende hospitali.”

“Koma! Halitajwi hilo. Sema ugonjwa wa kitoto. Na sindano hachomwi. Mtoto wa hivi akichomwa sindano anakufa.”

Nilipandwa na hasira mpaka masikio yakaziba. Mtoto anawaka moto, yeye anamzidishia nguo! Nikaitupa ile kaniki, nikamlaza mtoto ubavu. Alipotulia nikapanda naye bodaboda kwenda hospitali ya Kilindoni. Nyuma nikasikia: “Nenda, msomi wa fomu foo! Ukirudi na maiti usinililie mimi.”

Walimpima, wakakuta malaria. Wakamchoma sindano. Kesho yake akadai uji.

Hasira sikuimaliza, ila lile neno lilinikaa kichwani. Shuleni tulifundishwa mbu, hakuna aliyetuambia degedege lilitoka wapi. Tuliporuhusiwa nikarudi kumuuliza mwenyewe.

“Shikamoo mama. Huyo dege wa degedege, nani kamwona?”

“Marahaba. Haonekani. Ni ndege mkubwa, anapita juu. Kivuli chake kikimwangukia mtoto, mtoto naye anapiga mbawa.”

“Na mbona anatajwa mara mbili?”

“Kwani wako alipapatika mara moja?”

 Aliyelitunga neno hili hakuwa mjinga hata kidogo. Naona alikuwa mama kama mimi, kamkodolea macho mwanawe, akasema alichokiona. Kosa lake ni kumtafuta muuaji angani.

“Na sindano je?”

Akachambua maganda ya korosho. “Mtoto wangu wa kwanza nilimfukiza moshi wa dawa hapa hapa, kutwa nzima. Jioni ndipo nikampeleka hospitali. Wakamchoma, akanifia mapajani.”

“Sindano haikumuua, mama. Ulichelewa.”

Nilisema hivyo hivyo, sikupaka asali. Tulikaa siku nyingi tukisalimiana tu.

Masika yaliyofuata mtoto akachemka tena. Nilipotoka naye mbio nikamkuta mama mkwe barabarani, mtandio umemwanguka, keshasimamisha bodaboda, anamfokea dereva: “Unashangaa nini wewe? Washa!”