Chai ya Manjano ya Mwenye Ghala

Mimi hakuna kitu cha kunishangaza. Niliingia Sydney na mfuko mmoja, darasa la tano sikumaliza, leo nina malori matatu na watu wananiita bosi. Lakini ile chai, nikiikumbuka hata leo damu inachemka.

Nilitaka ghala la Lidcombe, maana lile nililopanga Seven Hills mkataba ulikuwa unaisha. Mwenye ghala alikuwa mzee wa Kichina, mtu wa Anhui, milimani Huoshan. Tulipopatana bei akanipa kikopo cha chai ya manjano. Akasema kaka yake anachuma vichipukizi vya kwanza tu, anavikausha kidogo, anavifunga kwenye kitambaa vitulie mpaka vigeuke rangi, ndipo vinarudi motoni. Wengine kazi hiyo imewachosha, wanauza ya kijani kwa jina hilohilo.

"Jumamosi nakuja kwako na mkataba. Tutainywa pamoja."

Akaja. Mke wangu, kwa kumheshimu mgeni, alikuwa amemwaga kikopo kizima kwenye sufuria, na maziwa, tangawizi, sukari ya kutosha harusi. Mzee akaonja. Akatazama kikopo kitupu. Mkataba haukutoka mkobani.

"Mmeichemsha yote?"

"Baba, chai bila maziwa ni maji ya kunawia," mke wangu akamjibu kwa Kiingereza chake, akamsogezea mandazi.

Mimi hasira zikanipanda. Mtu aninunie nyumbani kwangu kwa sababu ya majani? Nikamwambia, "Mzee, chai ni chai. Nitakununulia kumi kama hiyo."

"Moja tu," akasema, akachukua kofia. "Ukiipata, tunasaini."

Nikazunguka maduka. Wezi watupu! Nikampelekea ya kwanza, akaitia kwenye glasi, akanusa: "Ya kijani." Ya pili: "Ya kijani." Nikarudi kwa muuzaji, nikapiga meza mpaka mizani ikaruka.

"Unauza usichokijua?"

"Bosi, ya kweli haikai dukani. Inaagizwa kulekule inakochumwa."

"Agiza basi, unangoja nini!"

Ilipofika, mzee alinusa mpaka nikataka kumnyang'anya glasi. Kisha akanimiminia na mimi. Bila sukari! Ilinukia mahindi mabichi ya kuchemsha. Sikumwambia kwamba ni tamu, nilimwambia alete kalamu.

Sasa malori yangu yanalala Lidcombe. Kikopo cha gramu hamsini, usafiri wake, na zile mbili za uongo: dola mia saba arobaini na tatu na senti sitini.