Ua la Papa Lililochelewa

Maganda ya mnili wa uongo, mmea wa bustani wenye maua ya buluu, yakikauka huwa meusi, na upepo ukiyagusa mbegu hulia ndani yake kama harage ndani ya kopo. Nikiisikia sauti hiyo leo kwangu, ninarudi moja kwa moja mtaani kwetu Kadutu, kwenye mteremko nyuma ya nyumba yetu, nikiwa na miaka saba na magoti machafu.

Mbegu za mnili huo Papa, baba yangu, alipewa na sista mmoja upande wa Katana, alikokuwa akitunza bustani. Kazi ilipoisha, aliamua kwenda Shabunda kuchimba dhahabu. Kabla ya kuondoka alizipanda, akaniita. "Hii ikitoa maua ya buluu, utaona niko hapa," aliniambia. Wenzangu, mimi nilikuwa mtoto wa kuamini kila kitu. Tangu siku hiyo sikumuulizia tena Papa. Kila asubuhi nilikwenda kuutazama mche.

Ukaota, ukanifika gotini, kisha kiangazi kikaingia ukanyauka wote hadi chini. Na Jumamosi ilikuwa salongo, siku ambayo mtaa mzima hutoka na majembe kufanya usafi na kung'oa kila kilichokauka. Nilijua wakiung'oa, Papa harudi. Basi nikachukua jembe niuhamishie nyuma ya jikoni kabla hawajafika. Nikachimba, nikachimba. Mkono uliingia hadi begani na mzizi bado ulikuwa unaenda zake chini. Maman alinikuta nimelala kifudifudi, kamasi na machozi pamoja.

Hakunipiga, na hilo lilinishtua kuliko kiboko. Alipiga magoti akarudisha udongo kwa mikono, akinibembeleza mimi binti yake: "Uiache, mama. Haiyakufa, iko inalala. Ukiihamisha ndiyo itakufa." Salongo ilipoanza aliweka kigoda pale pale, akakaa akimenya mihogo, na hakuna aliyethubutu kumwondoa.

Mvua ziliporudi uliamka. Mwaka wa tatu ulikuwa umenifika kifuani, mnene, bila ua hata moja. Mwaka wa nne Papa alipiga simu kwamba yuko njiani. Alipoingia uani majuma mawili baadaye, amekonda, ana kikohozi, mnili wote ulikuwa buluu. Nilimvuta mkono kumwonyesha, kana kwamba mimi ndiye niliyemleta. Nilifurahi hadi nikashindwa kula.

Nilipoolewa nilipanda mbegu za mnili ule kwangu. Zikatoa maua mwaka wa tatu, bila kumngojea mtu. Nikampigia Maman kumuuliza kwa nini ule wa kwetu ulichelewa.

"Haikuchelewa. Nilikuwa ninakata matumba ya maua asubuhi, mbele ya ninyi kuamuka," akasema. "Papa alipopiga simu ndiyo niliacha. Ungeona maua na Papa hayuko, ningekuambia nini?"

Miaka yote ile nilidhani kwamba katika nyumba yetu mwenye kuogopa nilikuwa mimi peke yangu.