Mwalimu Alishukaje Mkoroshoni

Nilimaliza kidato cha nne kwa masomo ya jioni pale Masasi, nikiwa na mvi za kutosha kujaza mto wa kulalia, na hapo hapo nikapata kibarua cha kuuliza maswali. Nilitumwa Chilangala, nyumba kwa nyumba: ulihudhuria darasa la kupogolea mikorosho? Ulivuna magunia mangapi? Nilizunguka hadi mbwa wa Newala nzima wakachoka kunibwekea.

Majibu yakaja mabaya. Waliosema walisoma na waliosema hawakusoma walivuna sawasawa. Bosi wangu akasema darasa halina faida, lifungwe. Iliniuma, maana mwalimu wa darasa lile, mama mpole kuliko wote niliowahi kuwaona, alitembea kwa miguu kijiji kizima kuwaita watu.

Nikaomba siku tatu, nikarudi. Nilianza kwa mjane mmoja ambaye karatasi yangu ilisema hakukosa hata siku moja. Nikampa shikamoo, akaitikia marahaba, huku mikorosho yake nyuma, isiyoguswa na panga, imekumbatiana kama ndugu waliopotezana.

"Mama, darasani ulikwenda kweli?"

"Mwanangu, mwalimu alikunywa maji hapa kwangu. Nimwaibishe kwa wageni?"

Jirani yake alikuwa kinyume. Alisoma mwanzo hadi mwisho, akakana, akidhani waliokosa ndio watakaopewa zamu ijayo ya darasa, naye alitaka kurudia. Adabu huku, ujanja kule, na mimi msomi nimeandika yote.

Nikamwuliza mwalimu kitu ambacho mwanafunzi wake hawezi kukisahau. Akainamisha uso. Siku ya kwanza alipopanda mkorosho kuonyesha tawi la kukata, majimoto, wale wadudu wekundu wanaong'ata, wakamwingia mwilini, akaruka chini. Wanafunzi walikubaliana kumtunzia siri.

"Waulize tu," akasema. "Afadhali nichekwe, darasa libaki."

Basi nikauliza kila nyumba: siku ya kwanza mwalimu alishukaje mtini? Waliokuwepo walicheka kabla ya kujibu. Wasiokuwepo walisema kwa ngazi, tena kwa heshima kubwa.

Nilipowapanga upya, waliosoma kweli walikuwa wamewapita wenzao mbali. Bosi alihesabu mara mbili, akaandika darasa lipewe msimu mwingine.

Siku ya kufungua nilishika daftari la mahudhurio mwenyewe. Yule mjane alikuwa amekaa mbele kabisa, panga mapajani, akimwuliza mwalimu waanze na tawi lipi.